Dada wa Turbo na Ndugu Zake

Paukwa!

Pakawa. Basi sogeeni karibu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina watu wa familia moja, ina pesa, na ina siku ambayo mmoja wao alichoka.

Inatokea Turbo, mji mdogo wa kaunti ya Uasin Gishu, kilomita 30 na kidogo ukitoka Eldoret kuelekea Webuye. Barabara kuu ya kwenda Malaba hupita katikati ya mji, na malori ya mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo hunguruma hapo usiku na mchana. Kando ya lami kuna wachoma mahindi, wauza ndizi, vijana wa bodaboda na vibanda vya chakula. Ukiiacha barabara kidogo tu, umo ndani ya mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Sokoni utasikia Kinandi, Kiluhya na Kikuyu, na wasiosikilizana kwa lugha za nyumbani hupatana bei kwa Kiswahili.

Katika kibanda kimoja cha chakula kuna dada. Nimemtunga mimi, kwa hiyo msiende Turbo kumtafuta. Lakini hakuna jambo litakalompata humu ambalo halijampata kifungua mimba fulani mnayemjua.

Saa kumi za alfajiri, baridi ya Uasin Gishu ikiwa bado kali, huwa ameshawasha jiko la mkaa. Anamimina unga wa ngano kwenye karai, anatia chumvi na maji ya vuguvugu, anakanda mpaka mabega yanauma. Anagawa madonge, anasukuma, anapaka mafuta, anakunja, anasukuma tena. Saa kumi na mbili dereva wa lori la kwanza anaketi kwenye benchi na kuagiza chai ya maziwa na chapati mbili. Chapati moja ni shilingi 20. Ukitoa unga, mafuta, mkaa na kodi ya kibanda, kinachobaki kwa kila chapati ni kama shilingi 5. Iwekeni hesabu hiyo akilini, tutaihitaji.

Kwa hizo shilingi tano tano, tangu baba yao afariki, dada huyu amemsomesha mdogo wake wa kiume chuoni. Amemnunulia mama dawa za presha kila mwezi. Amelipa ada ya kitindamimba. Amemwezekea mjomba nyumba kwa mabati, na binamu mmoja alipojifungua na kuzuiwa hospitalini kwa ajili ya deni, ni yeye aliyekwenda kumtoa. Kisha akachukua mkopo kwenye chama chake cha akina mama, akamnunulia yule kaka wa chuoni pikipiki ili ajitegemee.

Simu yake haikupumzika. "Dada, Mungu amekujalia, usitusahau." "Nimekwama, nisaidie hata na mia tano." "Sisi ni damu moja." Akichelewa kujibu: "Siku hizi umebadilika." Sasa rudini kwenye ile hesabu. Shilingi 500 ni faida ya chapati 100. Binamu anayeiomba akiwa bado kitandani saa nne ya asubuhi hajui kwamba ameomba chapati mia moja zilizokandwa, zikasukumwa, zikachomwa mtu akiwa amesimama.

Na hajui kwa sababu simu imeificha ile kazi. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi mwaka 2007, na tangazo lake la kwanza liliwahimiza watu watume pesa nyumbani. Imefanya mema mengi; dawa ya mama hufika siku ileile. Lakini kumbukeni ilivyokuwa kabla yake. Pesa zilitumwa kwa posta, au zilikabidhiwa dereva wa basi, au jirani aliyekuwa akienda nyumbani. Mwenye shida aliandika barua na kungoja jibu, au alipanda basi kumfuata nduguye mjini. Akifika, alilala naye chumba kimoja, akamwona anavyorauka gizani, akamwona jioni akihesabu sarafu. Mara nyingi aliomba kidogo kuliko alivyokuwa amekusudia. Leo mwombaji haoni kitu. Anaandika maneno manne, pesa zinaingia, na mtu akizoea hivyo huanza kuamini kwamba kule zinakotoka haziishi.

Ikafika Desemba. Familia nzima ilikusanyika kwa mama kula Krismasi. Dada alileta mbuzi, unga, sukari na mafuta ya kupikia. Yule kaka alikuwa ameiuza pikipiki tangu Agosti, akisema ilikuwa inamsumbua, na sasa alitaka nyingine. Dada akamjibu kwamba hana. Ndipo mjomba, akiwa na nyama ya mbuzi huyohuyo mkononi, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Wewe tangu upate hicho kibanda umeanza madharau. Kwani hapa nyumbani umefanya nini?"

Hakuna aliyenyanyua kichwa. Kaka aliyesomeshwa alitazama simu yake. Binamu aliyetolewa hospitalini alimpangusa mtoto pua. Mama alitazama sufuria. Dada alikuwa amezoea kuombwa, na hata maneno ya mjomba angeyameza. Ule ukimya wa waliojua ukweli ndio uliomkosesha usingizi usiku ule.

Hapa nasimamisha hadithi kidogo, maana najua kuna mtu atakayewaambia kwamba desturi yetu sisi Waafrika ni mwenye nacho kutoa, na anayeuliza maswali ni mchoyo. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu nyingine huwa wanaisahau.

Wanandi na Wakipsigis wa zamani walikuwa na desturi ya kumpa ndugu au rafiki ng'ombe wa kutunza. Aliyepewa alimchunga, akamlinda, akamkamua. Maziwa yalikuwa yake na watoto wake walishiba. Lakini ng'ombe alibaki kuwa wa mwenyewe, na ndama vilevile. Tazameni jinsi msaada ule ulivyokuwa na akili: mwenye njaa alikula kila siku, na kila siku alifanya kazi ili ale. Sidhani kuna mzee aliyemwongezea ng'ombe wa pili mtu aliyemchinja wa kwanza.

Huku kwa Waswahili wakasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwaka 1962 Julius Nyerere aliitumia methali hiyo katika kijitabu chake kuhusu Ujamaa. Fikirini ni nani huyo. Ni mtu aliyehubiri maisha yake yote kwamba watu wagawane. Naye ndiye aliyewakumbusha watu kwamba katika jamii zetu za zamani kila mwenye nguvu alikuwa mfanyakazi, na kwamba uvivu ulikuwa aibu kubwa. Kwa hiyo anayewaambia kwamba kudai kazi ni tabia ya kizungu hajawahi kukaa na bibi yake akamsikiliza.

Kuna jambo jingine linalowafunga watu wema midomo, nalo ni kuogopa masimango. Tumelelewa tukijua kwamba ni aibu kumtajia mtu wema uliomtendea, na kwamba chakula cha masimango hakishuki kooni. Ni malezi mazuri, sitaki muyaache. Lakini wasio na haya hujificha nyuma yake. Wanajua huwezi kutaja ulichofanya, basi wanatangaza kwamba hukufanya kitu. Mimi nahukumu hivi: ukiyataja kwa hasira, kila wiki, mbele ya wageni, unamsimanga mtu. Ukiyataja mara moja, umetulia, mbele ya wenye nyumba na mzee wanayemheshimu, ili mpange mambo ya mbele, hiyo ni hesabu ya familia, na familia yenye heshima haiogopi hesabu.

Turudi Turbo.

Dada alisubiri mpaka Februari, watu walipoanza kulima mashamba kungoja mvua. Hakuchagua siku ya msiba wala siku mtu alipokuwa amelazwa. Alimwomba shangazi yake mkubwa, dada wa marehemu baba, aje akae nao. Dada alipofika nyumbani alisaidia kupika kwanza, watu wakanywa chai. Kisha akatoa daftari la kibandani.

"Mjomba," alisema, "Krismasi uliniuliza nimefanya nini hapa nyumbani. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Leo sina."

Akasoma ukurasa mmoja. Ada ya chuo, muhula kwa muhula. Mabati ya mjomba. Deni la hospitali. Pikipiki. Hakuongeza neno la uchungu, na hakumtazama mtu usoni alipokuwa akisoma. Alipomaliza akafunga daftari akasema, "Hayo yamepita. Simdai mtu hata senti. Sasa nasema ya mbele."

"Mama, dawa zako na chakula chako ni juu yangu, hata kama nitafunga kibanda. Kitindamimba wetu atasoma mpaka amalize, lakini ada nitaituma moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, haitapita tena mkononi mwa mtu. Wewe kaka, pikipiki ya pili sinunui. Ekari moja ya baba imelala. Nitakuletea kilo 10 za mbegu na mbolea ya kupandia, mara moja tu. Jembe ni lako, palizi ni yako, na mahindi yote ni yako. Mjomba, wewe ni mzee wangu. Ukiugua nitakuja. Zile pesa ninazokutumia kila wiki zimeisha. Na yeyote mwingine mwenye shida, asinitumie ujumbe. Aje kibandani saa kumi alfajiri tukande unga tukizungumza."

Mjomba alisimama. "Pesa zimekupanda kichwani!" Akachukua kofia yake akatoka. Kaka akamfuata. Mama alilia, nao wengine wakanyamaza mpaka shangazi aliposema, "Msichana amesema kweli. Leteni ugali tule."

Nataka mwone mambo mawili aliyoyafanya dada huyu, kwa sababu siku moja mtayahitaji. La kwanza, hakusema "sina pesa". Watu wengi hujitetea kwa uongo huo, nao hauishi mwezi. Siku ukionekana na viatu vipya, ugomvi unaanza upya, na safari hii wewe ndiye mwongo. Kusema "ninazo, na zina kazi yake" kunahitaji moyo mgumu kidogo, lakini ukishasema umesema. La pili, hakumnyima kila mtu kila kitu ili kulipiza kisasi. Alimtenga mgonjwa, mzee na mtoto upande mmoja, na mtu mzima mwenye nguvu upande mwingine. Hata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inafanana naye katika hilo. Kifungu cha 53 kinampa mtoto haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wake. Kifungu cha 57 kinasema wazee waishi kwa heshima na wapate matunzo kutoka kwa familia zao na Serikali. Kaka mzima wa afya mwenye mikono miwili hayumo katika orodha hiyo.

Baada ya siku ile simu ilinyamaza, na ukimya ule ulimuumiza kuliko alivyotarajia. Mjomba alipita akisema msichana amelogwa. Maneno yakafika kanisani. Pasaka ilipofika hakuna aliyemwalika popote. Asubuhi nyingine alichoma chapati huku machozi yakimtoka, na madereva wakadhani ni moshi.

Kaka alipanda akiwa amechelewa, Aprili ikienda kwisha, na akapalilia mara moja tu. Novemba jirani yake alivuna magunia 20 kwenye ekari moja, yeye akavuna 9. Hakuja kusema asante. Lakini mwaka uliofuata alinunua mbegu kwa pesa zake mwenyewe, akapanda na wenzake, na hajaomba tena pikipiki.

Kati ya wote waliokuwa wakituma ujumbe, mmoja tu ndiye aliyefika saa kumi alfajiri. Ni yule binamu wa hospitalini. Alikanda, akaunguza vidole, akahudumia malori mpaka saa mbili, akapewa pesa aliyohitaji. Alipokuwa akivua aproni aliuliza, "Kwani wewe hufanya hivi kila siku?" Kesho yake alirudi bila kuitwa. Siku hizi anakaanga mandazi kwenye kona ya kibanda hichohicho, na faida ya mandazi ni yake.

Mjomba hadi leo hasemi naye. Ningeweza kuwatungia mwisho ambapo anakuja na jogoo kuomba msamaha, lakini ningekuwa nawadanganya. Wapo ndugu watakaokwenda zao siku utakapoacha kutoa. Inauma, na ni vizuri mjue mapema kwamba inauma.

Dada wa kibandani ana bahati moja: mapato yake hayatangazwi. Wako vijana wa huko huko Uasin Gishu, Nandi na Elgeyo Marakwet ambao yao hutangazwa dunia nzima, yaani wanariadha. Mashindano ya marathoni ya New York hulipa mshindi dola 100,000, na kila mtu husoma. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, shirika la riadha la dunia lililipa dola 50,000 kwa kila medali ya dhahabu ya riadha. Kabla mkimbiaji hajashuka kwenye ndege, watu wameshazigeuza kuwa shilingi na kujigawia. Hawakati kodi, wala fungu la wakala na kocha, wala gharama ya kambi, wala ile miaka ambayo goti likiuma hakuna mshahara.

Kati ya wakongwe wao namheshimu sana Kipchoge Keino, aliyeshinda dhahabu Mexico mwaka 1968 na Munich mwaka 1972, enzi ambazo Olimpiki haikulipa washindi pesa. Yeye na mkewe Phyllis walipokea watoto yatima nyumbani kwao Eldoret, wakawalea kwa miaka mingi, na mwaka 2016 kule Rio akatunukiwa tuzo ya Olympic Laurel kwa kazi kama hizo. Mtu hawezi kumwita Keino mchoyo. Na shamba la familia hiyo, walikolelewa watoto, linaitwa Kazi Mingi. Napenda sana kwamba mtoto aliyepokelewa hapo aliishi ndani ya jina hilo.

Kuna hadithi za kusikitisha pia, nami sitawaficha. Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee nchini Ujerumani Septemba 2021. Mwezi uliofuata aliuawa nyumbani kwake Iten. Mumewe alishtakiwa, akakana shtaka. Wanariadha wenzake wakaanzisha kikundi cha Tirop's Angels ili wengine wapate pa kukimbilia. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa amerudi kutoka Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa nyumbani kwake Trans Nzoia, akafariki katika hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret. Aliyemshambulia alikuwa mtu aliyewahi kuishi naye, na taarifa zilisema waligombania kipande cha ardhi ambacho Rebecca alikuwa amenunua na kujenga nyumba. Kwa hiyo, pale mtu anayekutegemea anapoanza kukutisha, kukupiga au kukunyang'anya simu, yale mambo ya daftari na shangazi hayatoshi tena. Ondoka hapo, umwambie mtu mzima unayemwamini, au upige 1195. Wewe uliye mtoto piga 116. Namba zote mbili ni bure nchini Kenya.

Sasa nawageukia nyinyi. Wengi wenu bado hamjaanza kutoa, mnapewa. Kuna dada, baba mdogo, bibi au kaka anayerauka mahali fulani ili jina lako lisisomwe mbele ya shule kwa kukosa ada. Siku utakapopata mshahara wa kwanza, kabla hujatuma hata shilingi, kaa na watu wa nyumbani mwelewane ni nani utamsaidia, kwa kiasi gani na mpaka lini. Hilo ni la baadaye. La leo jioni ni simu: mpigie huyo anayekulipia, muulize ameamka saa ngapi, mweleze pesa alizotuma muhula huu zimefanya nini, mwambie asante, kisha ukate simu bila kumwomba chochote.